Asili, Kigawe na Shirika: Uhakiki wa Istilahi za Sehemu katika Hisabati ya Shule ya Msingi, kwa Mifano kutoka Arusha na Meru

Ikisiri

Makala haya yanahakiki istilahi za Kiswahili zinazotumika kufundishia sehemu katika shule za msingi nchini Tanzania, hususani zile zinazohusu kutafuta asili moja ya sehemu zenye asili tofauti. Istilahi zinazochunguzwa ni kiasi, asili, kigawo, kigawe na shirika, pamoja na namna mbili za kuzisoma sehemu kwa sauti. Mifano ya matumizi imetolewa katika mazingira ya jiji la Arusha na miteremko ya Mlima Meru, ambako Kiswahili hukutana na Kirwa na Kiarusha. Hoja kuu ni kwamba istilahi hizi zimeundwa kwa utaratibu mzuri kuliko inavyodhaniwa, lakini ufundishaji umeziacha bila maelezo ya kisarufi yanayozipa uangavu. Inapendekezwa kwamba nomino sehemu ibaki kuwa neno kuu katika usomaji wa sehemu zote, na kwamba vifupisho KDS na KKS visitangulie dhana zinazowakilishwa.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kubeba maarifa ya sayansi na hisabati kwa kawaida hujikita katika upungufu wa istilahi. Huulizwa kama lugha ina neno la dhana fulani. Likipatikana, mjadala hufungwa. Ni nadra kuulizwa swali la pili, ambalo ni zito zaidi: neno lililopo linamfanyia nini mwanafunzi anayelitamka? Istilahi za sehemu zinafaa kuulizwa swali hilo, kwa kuwa zimekaa darasani kwa zaidi ya nusu karne. Tangu mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha na wa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, na pia mwaka ambao Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya Bunge, Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika elimu ya msingi ya serikali. Vizazi kadhaa vimejifunza kwamba sehemu ina kiasi juu na asili chini, na kwamba sehemu zenye asili tofauti hazijumlishwi mpaka zipatiwe asili moja.

Kanuni hiyo ni miongoni mwa mambo yanayowatatiza wanafunzi wengi, na si wa Tanzania peke yao. Kosa linalojulikana na walimu kila mahali ni la kujumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, hata 2/5 na 1/3 zikazaa 3/8. Jibu hilo lina kasoro inayoonekana bila hata kutafuta jibu sahihi: 3/8 ni ndogo kuliko 2/5, yaani jumla imekuwa ndogo kuliko kimojawapo cha vilivyojumlishwa. Makala haya hayadai kwamba kosa hilo limeletwa na lugha. Yanachodai ni kwamba Kiswahili kina namna moja ya kuitaja sehemu inayolizuia kosa hilo na namna nyingine inayolifungulia mlango, na kwamba mazoea ya darasani yamependelea ile ya pili.

2.0 Mazingira ya Lugha Arusha na Meru

Eneo la Arusha na Mlima Meru linafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu mbili. Kwanza ni hali ya lugha. Upande wa mashariki na kusini mashariki mwa mlima, Wameru huzungumza Kirwa, lugha ya Kibantu iliyo karibu na lugha za Kichaga. Upande wa magharibi na kusini magharibi, Waarusha huzungumza Kiarusha, lahaja ya Kimaa ambayo ni ya jamii ya lugha za Kiniloti. Jijini, lugha hizo na nyingine nyingi zilizoletwa na biashara, utalii na ajira hukutana katika Kiswahili. Hivyo darasa moja linaweza kuwa na mtoto ambaye Kiswahili ndiyo lugha yake ya kwanza, mwingine ambaye lugha yake ya nyumbani ina ngeli na minyambuliko inayofanana na ya Kiswahili, na wa tatu ambaye lugha yake ya nyumbani haina mfumo huo. Istilahi inayotegemea mofolojia ya Kibantu haiwaangukii watoto hao kwa uzito ulio sawa.

Pili ni wingi wa ugawaji katika maisha ya mlimani. Spear (1997) amechunguza kwa kina namna ardhi na kilimo vilivyofungamana na maadili ya jamii hizi mbili. Mahali ambapo shamba la migomba hugawanywa kwa warithi na maji ya mfereji hutumiwa kwa zamu, sehemu ni jambo la haki kabla halijawa somo. Anayepewa theluthi anataka kujua ni theluthi ya nini.

3.0 Sarufi ya Majina ya Sehemu

3.1 Sehemu kama Nomino Inayohesabiwa

Kiswahili kilirithi kutoka Kiarabu majina ya sehemu zenye kiasi cha moja: nusu, theluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui na ushuri. Majina haya ni nomino kamili za ngeli ya I-ZI. Kwa hiyo 2/3 husemwa theluthi mbili na 3/4 husemwa robo tatu, kama inavyosemwa nyumba mbili au kalamu tatu. Muundo ni wa nomino ikifuatwa na kivumishi cha idadi. Asili ndiyo jina la kitu. Kiasi ni hesabu ya vitu hivyo.

Muundo huu una maana kubwa kihisabati. Istilahi ya Kiingereza ya asili imetokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kutaja jina, na ile ya kiasi imetokana na kitenzi chenye maana ya kuhesabu. Mwanafunzi wa Kiingereza hana njia rahisi ya kuliona hilo, kwa kuwa Kilatini kimefichika ndani ya maneno. Mwanafunzi wa Kiswahili anayesema theluthi mbili analitenda jambo lenyewe kwa sarufi: anataja jina, kisha anahesabu.

Kutokana na hapo, ulazima wa asili moja hujieleza. Hakuna anayeweza kujumlisha kondoo watatu na mbuzi wawili akapata kondoo watano, wala mbuzi watano. Hupata wanyama watano, baada ya kutafuta jina linalowafaa wote. Vivyo hivyo, theluthi mbili na robo tatu haziwezi kuwa theluthi tano wala robo tano. Hutafutwa jina la pamoja, nalo ni sehemu za kumi na mbili: theluthi mbili ni 8, robo tatu ni 9, na jumla ni 17, yaani nzima moja na sehemu 5 za 12. Tofauti iliyopo ni kwamba kondoo mmoja hubaki mnyama mmoja, ilhali theluthi moja huwa sehemu nne za kumi na mbili. Jina likibadilika, hesabu nayo hubadilika. Mwalimu asipoitaja tofauti hiyo, mfano wa kondoo na mbuzi utamsaidia mwanafunzi nusu ya njia na kumpotosha nusu iliyobaki.

3.2 Namba Ikitawala Namba

Namna ya pili ya kusoma sehemu ni ile ya mbili ya tano kwa 2/5. Kwa mtazamo wa haraka inaonekana kuwa ni njia nyingine tu ya kusema humusi mbili. Kisarufi ni kinyume chake. Katika humusi mbili, neno kuu ni humusi, na mbili ni kivumishi chake. Katika mbili ya tano, neno kuu ni mbili, nalo limechukuliwa kuwa jina la namba katika umoja. Ndiyo maana kihusishi ni ya, si za. Asili imeshushwa kutoka kuwa jina la kitu hadi kuwa kijalizo cha namba nyingine.

Mgeuko huu haujitokezi masikioni kwa sababu ya sadfa ya kimofolojia. Kivumishi -wili kikipatana na nomino ya ngeli ya I-ZI katika wingi huwa mbili, na jina la namba katika kuhesabu nalo ni mbili. Laiti majina ya sehemu yangekuwa ya ngeli ya KI-VI, tofauti ingesikika mara moja: vipande viwili havifanani na mbili ya vipande. Kwa kuwa umbo ni moja, mwanafunzi husogezwa kutoka muundo mmoja hadi mwingine bila ishara yoyote.

Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi anayeambiwa ajumlishe mbili ya tano na moja ya tatu anasikia namba nne zilizopangwa mbili mbili. Hakuna jina la kitu linalomzuia asijumlishe namba kuu kwa namba kuu na kijalizo kwa kijalizo. Mwenye kuambiwa ajumlishe humusi mbili na theluthi moja hana mwaliko huo, kwa kuwa humusi na theluthi hazijumlishiki kuwa thumuni. Analazimika kutafuta jina la tatu, na jibu ni sehemu 11 za 15.

Inaweza kupingwa kwamba majina kama humusi, subui na tusui hayasikiki tena mitaani, na kwamba kuyarejesha ni kumwongezea mtoto mzigo. Pingamizi hilo ni la haki. Nusu, robo na theluthi zinaishi katika mazungumzo ya kila siku, kuanzia saa mbili na robo hadi theluthi mbili ya kura bungeni. Nyingine zimebaki katika vitabu. Aidha, mfumo wa majina hayo unakoma kwenye ushuri, na hauna jina moja la 1/15. Suluhisho haliko katika kufufua msamiati, bali katika kulinda muundo. Usomaji sehemu mbili za tano unairudisha nomino mahali pake: kinachohesabiwa ni sehemu, na za tano inaeleza ni sehemu za aina gani. Usomaji huo unafaa kwa asili yoyote, uwe wa 5, 15 au 24.

3.3 Ushahidi wa Asilimia

Nguvu ya muundo wa nomino inathibitishwa na neno ambalo limeenea kuliko istilahi nyingine zote za sehemu. Neno asilimia linabeba ndani yake asili na mia: ni sehemu ambazo asili yake ni 100. Na husomwa kwa muundo uleule wa theluthi mbili, yaani asilimia sitini, asilimia themanini na tano, jina likitangulia na hesabu ikifuata. Wasikilizaji wa taarifa za matokeo ya mitihani au ya uchaguzi hulinganisha asilimia bila kusita, kwa sababu kazi ya kutafuta asili moja imekwisha kufanywa na neno lenyewe. Ni ajabu kwamba neno hili hufundishwa kama mada nyingine, bila kuonyeshwa kwamba ni jibu la tatizo lilelile la asili tofauti.

3.4 Upatanisho wa Nomino za Ngeli Tofauti

Sarufi ya Kiswahili ina mahali pengine ambapo vitu visivyo na jina moja hulazimika kutafutiwa alama ya pamoja. Nomino mbili zisizo za viumbe hai na za ngeli tofauti zikiunganishwa kuwa kiima, kitenzi huchukua kwa kawaida kiambishi vi-, kama katika sahani na kikombe vimevunjika au embe na mkate vimeliwa. Kwa viumbe hai, kiambishi huwa wa-. Kiambishi cha pamoja si cha embe wala si cha mkate. Ni alama pana inayozibeba nomino zote mbili ili kauli moja iwezekane. Mtoto anayekijua Kiswahili huyafanya hayo kila siku bila kufundishwa. Kutafuta asili moja kunaweza kuanzia kwenye ujuzi huo, na somo la lugha likalitumikia somo la hisabati katika shule ileile.

4.0 Kigawo, Kigawe na Shirika

Istilahi zinazolaumiwa zaidi ni kigawo na kigawe. Zikipimwa kwa vigezo vya uundaji wa istilahi vinavyojulikana kwa kifupisho PEGITOSCA, ambavyo vinahusishwa na Kiingi, na kwa kanuni zilizoelezwa na Tumbo-Masabo na Mwansoko (1992), jozi hii ina alama za juu katika iktisadi na utaratibu. Mzizi ni ule wa kugawa. Kiishio -o kinaleta kifaa au kitendaji, kama katika kizibo na kifuniko. Kiishio -e kinaleta kilichotendwa, kama katika kiumbe, yaani kilichoumbwa, na mteule, yaani aliyeteuliwa. Hivyo kigawo ni kinachogawa na kigawe ni kinachogawika. Namba 12 ni kigawe cha 3 na cha 4. Namba 3 na 4 ni vigawo vya 12. Uhusiano wa dhana mbili umewekwa katika irabu moja.

Uzuri huo ndio pia udhaifu wake. Mkazo wa neno katika Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo katika maneno yote mawili husikika -ga-, na tofauti ya maana imeachwa kwenye silabi dhaifu kuliko zote. Katika darasa lenye wanafunzi wengi na kelele, tofauti hiyo hupotea. Zaidi ya hayo, kiishio -e cha kutendwa hakizalishi maneno mapya kwa wingi siku hizi. Mzungumzaji anakijua kiumbe bila kukihusisha na kuumbwa. Uangavu wa istilahi umefungwa nyuma ya kanuni ambayo haifundishwi. Kwa mtoto ambaye lugha yake ya nyumbani ni Kiarusha, ambaye hawezi kuegemea unyambulishaji wa Kibantu wa nyumbani, kigawo na kigawe ni sauti mbili za kukariri.

Tatizo huongezeka jozi hiyo inapopewa vivumishi. Kigawe kidogo cha shirika na kigawo kikubwa cha shirika hufupishwa KDS na KKS. Kiswahili hakina kiambishi cha ukadiri wa juu kabisa, na istilahi imekata maneno kuliko vyote ambayo yangeukamilisha. Kidogo kikabaki kidogo tu. Kwa namba 6 na 8, KDS ni 24 na KKS ni 2. Kinachoitwa kidogo ni kikubwa mara kumi na mbili ya kinachoitwa kikubwa, na hakuna neno linalomweleza mwanafunzi kwamba 24 ni kidogo katika msururu wa vigawe 24, 48, 72 na kuendelea. Anayeijua dhana hatatatizwa. Anayejifunza atatatizwa, na istilahi imeundwa kwa ajili ya huyu wa pili.

Shirika nalo lina historia inayogusa Arusha moja kwa moja. Maana yake ya msingi ni ushirikiano, hali ya watu wawili au zaidi kuwa na haki katika kitu kimoja. Hiyo ndiyo maana iliyochukuliwa na hisabati: kigawe cha shirika ni kile ambacho namba zote zina haki nacho. Lakini baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, mashirika ya umma yalipoongezeka, neno hili lilihamia ofisini. Kwa mtoto wa leo, shirika ni taasisi yenye jengo na bango. Kipengele cha cha shirika kinasikika kama mali ya taasisi fulani. Istilahi haikukosea; maana ya kila siku ndiyo iliyoondoka na kuiacha peke yake.

5.0 Asili na Urithi wa Mirathi

Kati ya istilahi zote, asili ndiyo iliyo na hazina kubwa iliyoachwa bila kutumiwa. Katika matumizi ya kawaida ina maana ya chanzo, chimbuko na aina ya kitu. Sehemu zenye asili moja ni zile zilizotoka katika mgawanyo wa namna moja.

Elimu ya mirathi ya Kiislamu, iliyofundishwa pwani ya Afrika Mashariki muda mrefu kabla ya shule za kikoloni, ina dhana iliyo karibu sana na hii. Mafungu yaliyotajwa katika sheria hiyo ni nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Ili kuwagawia warithi, hutafutwa kwanza namba inayogawika kwa asili za mafungu yote, nayo kwa Kiarabu huitwa asili ya masuala. Marehemu akiacha mke, mama, binti mmoja na ndugu wa kiume, mke hupata thumuni, mama sudusi na binti nusu. Namba ya kuanzia ni 24: mke 3, mama 4, binti 12, jumla 19, na 5 zilizobaki ni za ndugu. Si lazima kudai kwamba waandishi wa vitabu vya shule waliichukua istilahi yao moja kwa moja kutoka huko. Inatosha kuona kwamba mtumiaji wa Kiswahili alikuwa na neno asili, lenye maana ya msingi wa ugawaji wa haki, katika jambo ambalo kosa lake humnyima mtu fungu lake.

Maisha ya sarafu yanaonyesha hatari ya kuisahau asili. Sumuni, ambayo ni thumuni kwa matamshi mengine, ilikuwa jina la senti 50, yaani nusu ya shilingi. Neno lenye maana ya moja ya nane liliitwa nusu kwa sababu nane hiyo haikuwa ya shilingi: ikiwa senti 50 ni thumuni, nzima yake ni shilingi 4, yaani kipimo kikubwa kuliko shilingi. Jina lilibaki, nzima yake ikapotea. Sehemu isiyojua asili yake hugeuka kuwa jina tupu.

6.0 Kipimo cha Sokoni

Katika masoko ya Kilombero, Tengeru na Ngaramtoni, nafaka hupimwa kwa debe na kwa sado. Debe huhesabiwa kuwa la lita 20, na sado, kopo la rangi, la lita 4. Hivyo sado moja ni sehemu moja ya tano ya debe. Mnunuzi aliyechukua nusu debe ya maharage kisha akaongeza sado moja hawezi kuhesabu kwa debe wala kwa sado bila kubakiwa na vipande. Akihesabu kwa nusu sado, mambo hunyooka: nusu debe ni nusu sado 5, sado ni nusu sado 2, jumla 7, na debe zima ni 10. Amepata 7/10 bila kuandika KDS ya 2 na 5. Chombo kidogo kinachojaza vyote viwili bila kubakiza ndicho asili ya pamoja. Methali haba na haba hujaza kibaba inabeba wazo hilohilo: haba ni kizio, kibaba ni nzima.

Mfano huu una mpaka wake. Sokoni kipimo hubishaniwa. Wakubwa wa pwani walitofautisha kibaba cha tele na kibaba cha mfuto, na sado iliyorundikwa si sawa na iliyosawazishwa. Hisabati haina rundo: kila sehemu ya kumi ni sawa na nyingine. Lakini mabishano yenyewe yanafundisha kwa nini usawa wa vizio ni sharti la kwanza la kujumlisha.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba istilahi za sehemu hazina upungufu wa utaratibu. Asili, kigawo na kigawe zina mantiki ya ndani ambayo lugha nyingine hazina budi kuitafuta katika Kilatini. Upungufu uko katika namna zinavyofikishwa. Inapendekezwa kwanza kwamba usomaji wa sehemu mbili za tano utumike tangu darasa la mwanzo la mada hii. Pili, kwamba kigawo na kigawe zifundishwe pamoja na maneno yanayofanana nazo kiunyambulishaji, kama kizibo na kiumbe. Tatu, kwamba istilahi kamili iwe kigawe kidogo kuliko vyote cha shirika, na kifupisho kije baada ya dhana kueleweka. Na nne, kwamba asilimia ifundishwe kama tawi la asili moja.

Umuhimu wa mapendekezo haya unaonekana zaidi katika kidato cha kwanza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilikipa Kiswahili nafasi katika ngazi zote za elimu, lakini mhitimu wa darasa la saba katika shule nyingi za Arusha na Meru bado huipokea hisabati ya sekondari kwa Kiingereza. Aliyeondoka na herufi tatu za KDS atapewa herufi nyingine tatu badala yake, na mkononi hatakuwa na kitu. Aliyeondoka akijua kwamba asili ni jina na kiasi ni hesabu anaweza kubadili lugha bila kuipoteza dhana.